Galiamu Kwenye Sufuria ya Mtori

Jamani, hii aibu naisimulia nikiwa bado na hasira, kwa hiyo msinikatishe. Pale chuoni Moshi tuna pipa dogo la chuma, tunalizungusha likiwa na metali ya majimaji ndani na sumaku pembeni, tuone mzunguko unavyoivuta na kuikunja nguvu ya sumaku (ndivyo inavyokuwa huko ndani kabisa kwenye kiini cha dunia, ila sisi tunatumia mota ya mashine ya kufulia). Siku hiyo bodi ilikuja kuamua kama chumba kibaki maabara au kiwe stoo ya viti, na utafiti wangu wote umo humo.

Sasa metali yenyewe, galiamu, baridi ya Julai ikishuka kutoka mlimani inaganda kama samli, na hita ya maabara mkuu wa idara alikuwa ameibeba ofisini kwake kupasha miguu! Nilipoiomba akasema, "Binti, wanasayansi wanabuni." Haya, nikabuni. Nikakimbilia jikoni kwa shangazi Eliaichi, mpishi wa chuo (mama wa Uru anayesugua masufuria kwa stiliwaya mpaka unajiona sura), nikachukua moja ya alumini, nikayeyushia galiamu humo humo, nikamimina kwenye pipa, nikapangusa, nikarudisha kimya kimya. Na nilijua galiamu inakula alumini! Nimeshaliandika hilo kwenye mtihani! Haraka ilinitoa akili.

Shangazi naye akapikia mtori wa ndizi na nyama humo. Wageni wa bodi wakataka kula kwanza, akainua sufuria, "Karibuni wazee wangu," kitako kikamomonyoka kama biskuti, na mtori wote ukaishia kwenye viatu vya mwenyekiti wa bodi.

"Ruwa wangu!" shangazi akapiga kelele, akimwita Mungu kwa Kichaga.

Nikasema palepale kwamba ni metali yangu, kabla mtu hajalamba hata kijiko. Mwenyekiti akauliza, "Kwani maabara haina kitu cha kupashia moto?" Nikamtazama mkuu. Mkuu akatazama dari, akasema, "Wanafunzi wa siku hizi hawana subira, mzee." Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikajibu, "Samahani, mzee." Samahani! Pipa hawakuliona hata likizunguka, na wiki ileile viti vikaanza kuingia.

Jioni nilimfuata shangazi kumwomba radhi. "Sufuria zipo," akasema. "Mdomo wako ulikuwa wapi?"

Naapa, sufuria ya mtu siigusi tena. Na mkubwa akinitupia kosa lake mbele ya watu, nitamtaja, hata kama mtori bado unachuruzika.