Nguzo Sita za Mzee Isaya

Siku ya kwanza nilipomwona Mzee Isaya Tluway alikuwa amebana sikio kwenye nguzo ya gati letu, kama mtu anayesikiliza maneno ya nyumba ya jirani. Maji ya ziwa yalimfika magotini na mkononi alishika jiwe. Aligonga mara tatu, akasikiliza, akahamia nguzo nyingine. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo huku Eyasi hata mbwa hawatoki kivulini. Mimi nilikuwa natoka kufungulia maji kwenye majaruba yangu ya vitunguu. Nilisimama nyuma ya mti wa mswaki nikamtazama mpaka akamaliza safu nzima. Hakuniona. Watu wengi hawanioni.

Gati lenyewe ni la mbao juu ya nguzo za mzeituni pori, limeingia ziwani hatua arobaini hivi. Ziwa likikauka hubaki limesimama kwenye vumbi la magadi kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kwa ukame. Ziwa lilipojaa tena na kambale wakarudi, mkutano wa kijiji uliamua tulifufue. Kila kaya ilileta ubao na mtu mmoja wa kufanya kazi siku mbili kwa wiki. Mbao za juu zingekuwa mpya, nguzo zingebaki zilezile, maana bado zilikuwa ngumu kama chuma.

Sote tulisema ni gati la Mjerumani. Mwongoza watalii mmoja aliwahi kuwaambia wageni wake hivyo, wakapiga picha, na tangu hapo hatukuliita vinginevyo. Kibao tulishachorewa Karatu mjini: GATI LA MJERUMANI. Siku ya ufunguzi kwaya ya shule ya msingi, watoto sitini, ingesimama pale mwisho juu ya maji na kuimba.

Sasa, popote alipopita Mjerumani, watu wa kwetu wanaamini kuna kitu alifukia kabla ya kukimbia vita. Ukiona msingi wa zamani popote kuanzia Oldeani hadi huku chini, angalia pembeni yake: kuna shimo. Kwa hiyo mzee huyo alipokuja mbele ya watu kesho yake, akavua kofia na kusema, "Natoka Daa. Mimi ni fundi seremala. Nimesikia mnatengeneza gati, nimekuja kusaidia, sihitaji kitu," kila mtu alimtazama mwenzake.

"Haya jamani," alisema Selina, anayekausha samaki pale ufukweni na ambaye sauti yake haihitaji spika. "Babu wa miaka karibu themanini kateremka milima yote hiyo na msumeno, aje atugawie nguvu zake! Shamba lako umemwachia nani, babu?"

"Binti yangu yupo."

"Na Daa hakuna gati la kutengeneza?"

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa yanahesabu nguzo. Niliyaona.

Jioni ile mwenyekiti wa kamati, Parmuat, aliniita kando. Ni Mmasai aliyeshuka kutoka Endulen miaka kumi iliyopita, mtu wa haki lakini mgumu. "Inosenti," aliniambia, "wewe huna maneno. Fanya naye kazi. Macho tu."

Nikawa mshika mbao wake. Siku ya pili tu aliniuliza bila kuinua kichwa, "Wamekutuma uniangalie?"

Niliona aibu. "Nashika mbao tu, mzee."

"Basi shika sawasawa. Inapinda."

Niliyoyaona kwa siku nane ni haya. Alikuwa na nondo ndefu, akiichomeka kwenye tope kando ya nguzo na kuitikisa. Alikuwa na kamba yenye mafundo saba. Watu wakienda kula yeye alibaki majini, akiinama na kupapasa chini ya nguzo kwa mikono. Na kwenye nguzo tano, chini kabisa, mahali maji yanapoficha, alifunga vitambaa vyekundu. Anayechimba usiku ni mwizi wa kawaida, nilijiambia. Huyu anayechimba mchana kweupe lazima awe na karatasi ya kumwonyesha mahali.

Nilimuuliza kama alishawahi kufika huku. Aliendelea kupiga randa. "Kutoka shambani kwangu Daa," alisema, "siku isiyo na vumbi, ziwa linaonekana. Jeupe, kule chini. Mimi nikipalilia hulipa kisogo. Miaka sitini nimelipa kisogo."

Hilo nalo nilimpelekea Parmuat. Nani anaogopa kuangalia ziwa?

Ijumaa kamati ikamwita. Kiroba chake kilimwagwa chini mbele ya watu: msumeno, randa, nondo, shuka, Biblia ya Kiiraqw, ile kamba.

Parmuat aliinua kamba. "Mafundo saba. Saba ni nini?"

"Kina cha nguzo. Shimo linatakiwa lifike fundo la saba."

"Mzee wangu, tusichezeane. Tuonyeshe ramani."

"Ramani ya nini?"

"Ya mali ya Mjerumani."

Mzee Isaya alicheka mpaka akakohoa, akashika magoti. "Mjerumani gani, wanangu? Hili gati tulijenga sisi. Vijana kumi na wawili wa Daa, mwaka sitini na tatu, mvua kubwa zilipojaza ziwa. Ushirika wa wavuvi ulituchukua. Mjerumani hata njia ya hapa hakuijua."

 Kisha Selina akasema kwa uchungu kabisa, "Na kibao je? Kibao kimeshachorwa!"

Ndipo mzee akasema lililomleta. Alisema akiwa ameangalia miguu yake.

"Kazi ilikuwa ya ngwe. Wachimbaji tulikuwa wanne, kila mtu nguzo mbili kwa siku, ukimaliza unaondoka. Upande wangu chini ya tope kulikuwa na mawe, shimo halishuki. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nataka kuwahi. Nikazikata miguu. Nguzo sita. Nikazisimamisha kwenye tope tupu, juu zote zikalingana, msimamizi akapita akasema vizuri. Vipande nilivyokata nilipikia ugali. Mwaka uliofuata gati likainama, wanawake wawili wakatumbukia na samaki wao. Ikasemwa ni tope la ziwa. Sikufungua mdomo. Ziwa likakauka, watu wakaondoka, nikasema basi, limekwisha. Sasa nasikia redioni mtapandisha watoto sitini." Akainua kichwa. "Safu zinafanana. Sikumbuki ni zipi. Tano nadhani nimezipata. Niacheni nichimbe mpaka nipate sita."

Parmuat alimtazama kwa makini. "Kwa hiyo tukuruhusu uchimbe chini ya nguzo."

"Ndiyo."

"Zote, ikibidi."

"Ikibidi."

"Mzee," alisema Parmuat, "umetunga vizuri."

Watu wakapumua, wakacheka, wakapiga makofi hata. Maana kama ungekuwa unatafuta mali chini ya gati, ungesema uongo gani mzuri kuliko huo? Tulipiga kura aondoke. Mimi nilinyoosha mkono pamoja na wengine. Selina alimfungia kambale wakavu wawili kwenye gazeti, "tusionekane wabaya," na mzee akawapokea kwa mikono miwili, akapanda bodaboda akaenda.

Jumapili watu wakiwa kanisani nilichukua jembe. Sitajifanya mtu mwema: sikwenda kutafuta ukweli. Nilikwenda kutafuta rupia za Mjerumani. Nilikuwa mtu pekee aliyevijua vile vitambaa vyote vitano vilipo, na hilo sikumwambia hata Parmuat.

Nilichagua ile nguzo ya karibu na nchi kavu, maji yakiwa ya vifundoni. Nikazungushia tuta la udongo kama ninavyofanya kwenye majaruba, nikachota maji kwa sufuria, nikachimba. Tope la Eyasi linanuka mayai viza. Jembe liliposhindwa nililala kifudifudi nikachimba kwa mkono. Nilikuwa nimeshafika begani nilipohisi nguzo imeisha.

Nilidhani nimekosea. Nikapitisha kiganja chini yake. Kikapita chote, kutoka upande huu hadi upande wa pili. Haikufika kwenye mawe wala ardhi ngumu, chini yake ni uji mtupu. Na kitako cha nguzo kilikuwa bapa. Mti uliooza hauwi bapa. Kwa ncha za vidole nilihisi mistari ya meno ya msumeno.

Sijui nililala pale muda gani. Nilikuwa nawaza juu yangu ubao mpya, na juu ya ubao watoto, na mmoja wao ni wa kwangu.

Kanisa lilipotoka nilikuwa nimesimama mlangoni na matope mwili mzima. Sijawahi kusema neno kwenye mkutano tangu nizaliwe. Siku ile nilisema, "Njooni mtie mikono." Wakafikiri nimepata mali, wakaja mbio. Parmuat alikunja shuka lake akalala kwenye tope kama mimi, akatia mkono. Alinyanyuka. Alienda kunawa, akarudi, akaniuliza, "Zile nyingine ziko wapi?"

Zote tano zilikuwa zimekatwa. Ya sita haikuonekana. Hapo maneno yakaanza tena. Wengine walisema mzee amehesabu vibaya, tano zinatosha, tupigilie mbao tufungue Jumamosi. Na wengine, nisiseme majina, walisema ya sita ndiyo yenyewe, ameificha kwa sababu mali iko hapo. Parmuat akanituma Daa.

Kwa Mzee Isaya nilipokelewa na binti yake, Cresensia, mama mtu mzima wa rika langu. Alinionyesha boma la ng'ombe na nguzo za nyumba. "Watu wa hapa humtania," alisema. "Wanasema nguzo za Isaya zinagonga paa za marehemu. Kila alichojenga, anachimba kupita kiasi. Marehemu mama alikuwa analalamika, mlango mmoja wiki nzima. Hatujajua kwa nini." Mimi nilijua, nikanyamaza. Hayakuwa maneno yangu.

Mzee alikuwa amelala, kifua kimembana tangu arudi kutoka majini. Alinitambua. Nilimwambia tano tumezipata. Akafumba macho, na nilimwona akilia bila sauti. Kisha nikamuuliza ya sita.

"Upande wa kushoto ukiangalia ziwa," alisema taratibu. "Ya tatu kutoka mwisho."

"Una hakika, mzee?"

 Alikuwa ananitazama, na nadhani alikuwa anauona uso wangu vizuri, ule uso wa mtu aliyetumwa kuangalia. Nilinyanyuka nikaaga. Alifariki siku kumi na mbili baadaye. Watoto waliimba wiki tatu nyuma ya ratiba, juu ya nguzo thelathini na mbili tulizochimba moja moja mpaka chini, zile fupi tukaziwekea mpya, na ile ya sita ilikuwa upande wa kulia. Kibao hakikusimikwa, Selina anakianikia samaki.

Lakini siku ile Daa nilikuwa bado sijui lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimefika mlangoni, nikiwa na jibu lake, "upande wa kushoto, ya tatu," nikilirudia moyoni nisilisahau. Akaniita kwa jina.

"Inosenti. Usiniamini. Chimbeni zote."