Jiwe Mbele ya Gurudumu

Miezi minne tangu amzike mkewe, mzee hakuwa ameligusa trekta. Lilisimama palepale nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, pua imeelekea bondeni. Mbele ya gurudumu kubwa la kushoto palikuwa na jiwe, ukubwa wa kichwa cha ng'ombe. Jiwe lile aliliweka marehemu kwa mikono yake. Tangu hapo halikusogezwa.

Mvua zilikuwa zinakaribia. Majirani walishaanza kupitapita.

"Mzee, mwaka huu vipi? Unatulimia au tunoe majembe?"

"Tutaona."

"Tutaona ya ndiyo au tutaona ya hapana?"

"Tutaona," alisema mzee, akaingia ndani.

Hata zamani hakuwa mtu wa maneno. Maneno ya nyumba ile aliyashika mkewe, yeye akashika usukani. Sasa maneno yamezikwa, na kwenye kiti cha trekta anataga kuku.

Watu walidhani ameshindwa kuamua, atengeneze lile kuukuu au anunue jipya. Wengine walisema ni majonzi, yatapoa. Majonzi yalikuwepo, hakuna ubishi. Lakini palikuwa na jambo jingine, la jioni ile jiwe lilipowekwa mara ya mwisho, na jambo hilo hakuwa amemwambia mtu. Akitaka kulitengeneza trekta, lazima jiwe litoke. Akitaka kuliuza, lazima jiwe litoke. Kwa hiyo alikaa tu.

Habari ya jiwe ni hii. Trekta halikuwa na starta, ile mota ya kuwashia injini. Ilikufa miaka kumi na minane nyuma, binti yao akiwa ndio kwanza anajifunza herufi. Kuliwasha kulitaka mteremko na watu wawili. Mmoja juu kwenye kiti, mguu huu kwenye breki, mguu huu kwenye klachi. Mwingine chini, kwenye jiwe. Breki zenyewe zilikuwa za kubembeleza, kwa hiyo uzito wote ulilala juu ya jiwe. Wa juu akisema "Haya!", wa chini analigonga jiwe kwa mpini wa jembe mpaka lilegee, analivuta kwa waya uliofungwa katikati yake, anaruka pembeni. Trekta linashuka, klachi inaachiwa, injini inakohoa moshi mweusi, inawaka.

Jioni kazi ni ileile, kinyumenyume. Wa juu analileta mpaka kwenye mteremko, anakanyaga breki, hawezi kushuka. Anavuta mafuta mara moja, injini inanguruma. Hapo wa chini anajua anaitwa. Anakuja na jiwe.

Wa juu alikuwa mzee. Wa chini alikuwa mkewe. Hawakubadilishana hata siku moja.

Mkewe aliliita lile trekta mke mwenzangu. Asubuhi akitoka na mpini wake begani huuliza, "Mke mwenzangu kaamkaje?"

"Kanuna."

"Si wewe uliyemdekeza? Mimi ukinikuta nimenuna unaniletea oili?"

Mzee alikuwa akicheka kimoyomoyo. Alidhani mwenzake anajua kwamba anacheka.

Basi siku moja, asubuhi, walikuja wageni wawili kwa mpigo. Wa kwanza binti, karani huko mjini, na karatasi yenye picha ya trekta jipya, jekundu, linang'aa kama limelambwa. Wa pili shemeji wa mzee, kaka wa marehemu, fundi wa matrekta tangu ujana. Huyo alikuja na mfuko wa spana, betri, na kitu kizito ndani ya gunia.

Binti alifungua karatasi kabla hajapewa hata maji.

"Baba, angalia. Hili halina longolongo."

Fundi alichungulia picha kwa jicho moja. "Lina taa nyingi hili. Moja ikiwaka nyekundu, umekwama katikati ya shamba, unamsubiri mtu aje na kompyuta."

"Afadhali taa, mjomba. Hilo lenu limenizidi umri. Linavuja kuliko paa la jikoni."

"Gasketi na ringi tu hizo. Siku mbili linalima."

"Siku mbili zako nazijua. Baiskeli yangu uliniambia siku mbili, nikamaliza shule kwa miguu."

Fundi alicheka. Binti naye akacheka. Mzee alikuwa anaangalia jiwe.

"Baba, sema wewe basi."

"Tutaona."

"Hiyo tutaona yako ndiyo inayokula msimu. Watu wanasubiri. Mimi nimeshaongea na wauzaji, wanataka neno moja tu." Alimtazama baba yake, sauti ikashuka. "Umekonda, baba. Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

Binti alivuta pumzi, akachukua simu, akapanda kuelekea barabarani kutafuta mtandao. Walimwona akienda na simu juu, kama anamwonyesha mtu wa mbinguni.

Fundi alimwondoa kuku kwenye kiti, akayatoa mayai mawili, akayaweka kivulini. Kisha akafungua gunia.

"Unaikumbuka hii?"

Ilikuwa starta. Si mpya, lakini imesafishwa, imepakwa grisi, imefungwa kwa kitambaa. Mzee aliikumbuka. Miaka sita nyuma shemeji yake alikuja nayo hivihivi, ndani ya gunia, mbele ya watu waliokuja kuomba kulimiwa. Mzee akaipiga jicho, akasema, "Ya nini, shemeji? Starta ninayo. Si dada yako huyo?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe alikuwa anamimina chai. Naye alicheka. Fundi akafunga gunia lake, akaondoka nalo.

"Nakumbuka," alisema mzee.

"Sikuja nayo kwa akili yangu siku ile." Fundi alipiga goti kando ya injini, akachagua spana. "Aliniomba yeye."

Mzee aligeuka kumtazama.

"Alikuja mpaka karakana. Akasema, kaka, mgongo huu usiku silali. Nitafutie starta, umpelekee kama zawadi yako. Usimwambie nimeomba. Ataona nimechoka kumsaidia." Fundi alikuwa anazungusha nati, anaongea na chuma. "Niliitafuta miezi mitatu. Ukanirudisha nayo. Nikasema niitunze, iko siku utaitaka mwenyewe."

"Hakuniambia."

"Angekuambia saa ngapi? Ulikuwa unachekesha watu."

Kazi haikuchukua muda. Jua lilikuwa bado halijafika juu ya mti wa uani fundi alipokaza nati ya mwisho. Starta ilikaa mahali pake kama iliwahi kukaa pale. Akafunga nyaya, akaweka betri, akajipangusa, akapanda kwenye kiti.

"Miaka kumi na minane, shemeji," alisema. "Angalia."

Akabonyeza kwa kidole kimoja.

Injini ilizunguka mara mbili, ikashika. Moshi ukaruka juu, kuku wakatawanyika. Trekta likatetemeka palepale, jiwe limelizuia, halikwenda popote. Mzee hakuuangalia moshi. Alikiangalia kile kidole.

"Zima," alisema.

"Liache lipashe moto."

"Zima!"

Fundi alizima. Kukawa kimya, isipokuwa sauti ya binti kwa mbali, "Haloo? Haloo? Unanisikia?"

Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa anatafuta pa kuanzia, na hakuwa amezoea.

"Siku ile alikuwa na homa," alisema.

"Siku gani?"

"Ya mwisho kulima. Asubuhi aliniambia kifua kinabana. Nikamwambia, toa jiwe tu kisha ukalale. Udongo ulikuwa umekubali, watu wanasubiri. Akatoa."

Fundi alishuka kwenye kiti taratibu.

"Jioni nikarudi. Nikalileta hapa. Nikavuta mafuta. Hakutoka. Nilijua yuko kitandani. Ningeweza kuliacha kwenye tambarare kule uwanjani, kesho yake tukatafuta watu wa kulisukuma. Nikaona usumbufu. Nikavuta tena. Akatoka ameshika ukuta. Akalibeba, akaliweka." Alilionyesha jiwe kwa kidevu. "Hilo. Halafu akakaa chini, hapo. Nikamwambia, inuka, utapata baridi."

"Homa ya siku ngapi?"

"Mbili."

"Ulijua."

"Nilijua ni homa. Sikujua ni..." Hakumaliza. Kesho yake alimkodia gari kwenda hospitali. Siku ya tatu alirudi naye ndani ya jeneza.

"Ulimwita mara ngapi?"

"Mbili."

Fundi alimtazama tu.

"Tatu," alisema mzee.

Fundi alichukua kitambaa kilichofunga starta, akaanza kujifuta mikono. Alifuta kidole kimoja kimoja, akarudia. Kule msibani wawili hawa walishikana mabega. Fundi ndiye aliyemlisha mzee siku ya kwanza, kijiko kwa kijiko. Sasa alikuwa anamwangalia kama mtu aliyempita njiani, akasahau amemjulia wapi.

"Trekta hili naondoka nalo," alisema.

"Chukua."

"Silinunui."

"Sijasema ununue. Chukua."

"Mwanao ana picha ya lile jekundu. Nunua hilo. Linawaka kwa ufunguo. Halihitaji mtu."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

Fundi alikusanya spana zake, akazirusha kwenye sanduku la nyuma ya kiti, akapanda. Akabonyeza. Injini ikaitikia mara moja. Akaweka mikono kwenye usukani, akatazama mbele, bondeni.

"Toa jiwe," alisema.

Mzee aliinuka. Mpini wa jembe ulikuwa bado umeegemezwa ukutani, pale marehemu alipouacha. Akauchukua. Akaenda kwenye gurudumu, akainama. Mahali pale hakuwahi kupakaribia injini ikiwa inaunguruma. Tairi lilikuwa juu ya kichwa chake, jeusi, linatikisika. Kutoka kwenye kiti halionekani refu vile.

Aligonga jiwe. Halikutikisika. Akagonga upande wa pili, mpini ukateleza, akajichubua ngumi. Akashika waya, akavuta. Ilikuwa kama kuivuta nyumba.

"Shemeji, kanyaga breki!"

"Nimekanyaga. Ndizo breki zako."

"Basi rudisha nyuma kidogo lilegee! Injini si inawaka?"

Fundi hakugeuka.

"Yeye nani alimrudishia?"

Mzee alipiga goti. Hapo ndipo alipouona waya vizuri. Sehemu ya kushikia ilikuwa imeviringishwa kitambaa, kipande cha gauni la bluu la mkewe alilolikumbuka, kimeshonwa kwa uzi ili kisifunguke. Kilikuwa kimeliwa na mkono, cheusi kwa mafuta na jasho. Hakujua mkewe alikishona lini. Miaka yote mzee alikuwa juu, macho mbele, anasubiri kusema "Haya!"

Akashika pale penye kitambaa. Akagonga kwa chini, karibu na ardhi, mara nne, mara tano, mpaka pumzi ikakata. Jiwe likalia kidogo. Akautupa mpini, akashika waya kwa mikono miwili, akavuta kwa mgongo.

Lilitoka ghafla. Aliangukia makalio, jiwe kati ya miguu, na gurudumu likapita hatua moja tu kutoka kwenye magoti yake. Udongo ukamrukia usoni. Trekta likashuka bondeni, likapinda penye njia, fundi akiwa ameketi wima. Hakutazama nyuma. Sauti ilisikika muda mrefu, kwanza kubwa, kisha kama ya cherehani, kisha basi.

Binti alirudi mbio, mjomba wake ameshapotelea bondeni.

"Baba! Mjomba kalichukua? Kumbe umekubali!" Alikuwa anahema kwa furaha. "Na mimi wale nimewapata. Nikawaambia baba bado anafikiria, wakasema hata wiki hii wanaleta. Niwaambie walete?"

"Walete."

"Kweli?"

"Walete."

Binti alipiga makofi. Kisha akamwona vizuri, ameketi mavumbini, mikono imeshika waya, damu kwenye vifundo.

"Baba, mbona umekaa chini? Umeumia?"

Mzee alilitazama jiwe. Pale lilipokuwa, ardhi ilikuwa imebaki na shimo lenye umbo lake, laini, na mdudu mmoja anahangaika humo.

"Zito," alisema.

"Nini?"

"Jiwe. Zito."

Binti alicheka kidogo, akampa mkono amwinue.

"Si jiwe, baba? Ulidhani nini?"