Mguu Usio na Kazi

Leo nimezimiwa injini nikiwa angani, na ni mimi peke yangu niliyeshtuka.

Ilikuwa ndege ndogo ya mafunzo, ya injini mbili, juu ya Kitengela. Mimi nilikaa nyuma, kikazi, ili niwaandikie haya. Mbele walikuwa Naserian, mwanafunzi, na mkufunzi wake, Kapteni Ouma, ambaye leo angeamua kama Naserian yuko tayari kwa mtihani.

Kapteni akakata mafuta ya injini moja bila kusema ni ipi.

Pua ya ndege ikavutika kushoto. Naserian akakanyaga pedali ya kulia, ikanyooka.

"Haraka, madam," Kapteni akasema. "Zima hiyo iliyokufa."

"Bado naangalia."

"Unaangalia nini? Tunashuka."

(Mimi ningeshavuta chochote kilicho karibu. Nyinyi je?)

"Mguu wangu wa kushoto hauna kazi," Naserian akajibu. "Kwa hivyo injini iliyokufa ni ya kushoto."

Akarudisha nyuma gesi ya injini ya kushoto polepole, kuhakikisha. Mlio haukubadilika. Hapo ndipo akaizima.

Kapteni akaiwasha tena. "Nimekuharakisha makusudi. Wengine huzima ile nzima. Nenda mtihani."

Tulipotua, mama yake, "yeyo" kwa Kimaasai, alikuwa akingoja kwenye ua, ametoka Bisil. Naserian akamweleza yote.

"Mwalimu gani huyo anamzimia mtoto wangu injini?"

"Ni ndio siku ikijizima yenyewe, yeyo, nisizime ile nyingine."

Mama akafikiria kidogo.

"Sawa. Lakini siku ya mtihani, mwambie aache zote mbili ziwake."