Egemeo Lililohama

Kwa miaka mingi michoro ya mitihani yangu ya Fizikia niliichora kwenye programu ileile ninayoandikia barua. Pembetatu hapa, mshale pale, basi, kazi imekwisha. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza. Nikiipeleka stesheneri Ifakara mjini kuchapishwa, mashine yao inaufungua mchoro inavyotaka yenyewe, na vipande vinahama. Mwalimu mwenzangu wa Hisabati alishanionyesha programu mbili za bure ambazo mchoro wake hauhami: moja unachora kwa kipanya, nyingine unaandika namba za kila nukta nayo inakuchorea. Nilimwambia sina muda. Ukweli ni uvivu tu.

Muhula uliopita nilichora wenzo: gunia la mpunga upande mmoja, mkono upande wa pili, egemeo karibu na gunia. Swali likauliza kama wenzo huo unarahisisha kazi ya kuinua. Kidato cha Pili chote kilijibu ndiyo, isipokuwa binti mmoja aliyehamia kwetu mwaka huu, mtoto wa wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa. Yeye alijibu hapana. Nikampa sifuri, na kwa sifuri ile akakosa alama za kuendelea na Fizikia.

Alinifuata ofisini na karatasi yake.

"Shikamoo mwalimu. Naomba uniangalizie swali la nne. Hapa egemeo liko karibu na mkono."

Nikatazama. Kweli, lilikuwa limehama, na likikaa huko kuinua gunia kunakuwa kugumu zaidi. Jibu lake ndilo lililokuwa sahihi, la wengine wote halikuwa. Niliona aibu sana.

Nikamrekebishia alama palepale, tukaenda wote darasani. Nikauliza inakuwaje darasa zima lisiuone mchoro.

"Tuliuona, mwalimu," akasema kiranja. "Ila michoro yako tumeshaizoea. Huwa tunajibu ule uliotaka kuchora. Huyu mgeni, tulisahau kumwambia."

Darasa likacheka. Binti hakucheka, nami sikuweza.

Nilitoka hapo hadi kwa mwenzangu wa Hisabati, nikamwomba aniwekee ile ya namba. Ya kipanya najijua, ningeichezea harakaharaka nikarudi kulekule. Akaniuliza kulikoni leo. Nikamweleza: darasa zima lilikuwa limeacha kuniamini na likafaulu, na mtoto mmoja aliyeniamini ndiye niliyemfelisha.