Sanamu ya Shaba Yenye Uso wa Mume Wangu

Nikisema hii watu wanacheka. Cheka tu. Lakini mimi sikuhadithiwa na mtu. Niliona kwa macho yangu, saa nane mchana, jua likiwaka, pale Rongo.

Mimi ni mtu wa kisiwa cha Takawiri, nauza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Mume wangu alipotelea ziwani msimu wa mvua. Ndugu zake wawili walitoka na mashua, wakarudi siku ya tatu wakasema wametafuta kila mahali. Basi tukazika tunda la yago badala ya mwili, kama sisi Wajaluo tunavyofanya mtu asipopatikana. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Miezi saba baadaye nikapeleka omena Rongo. Nyuma ya soko kuna fundi anayeyeyusha mifereji na kufuli kuukuu, anatengeneza sanamu za shaba za ajabu ajabu: mwanamke mwenye miguu ya meza, mzee aliyeota matawi mabegani. Nilipoona ile ya tatu, beseni likaniponyoka. Mume wangu! Sikio lile lile lililokatika, hata pengo la jino. Kifua kiko wazi kama kabati, ndani samaki wamejaa.

Nikamvaa fundi. "Nani amekupa ruhusa ya kuuza uso wa mume wangu?"

"Tulia, mama. Yeye mwenyewe huja hapa kila siku baada ya chakula. Anakaa, mimi nafinyanga nta ya kalibu ya sanamu. Hata hicho kifua ni yeye alitaka kiwe hivyo. Ngoja, atakuja."

Unafikiri niliogopa? Niliwaka! Mwanamume aache watoto wanalia, aje kukalia stuli ya mtu asiyemjua?

Akaingia. Koti lake la mvua lilikuwa linachuruzika maji, na huko nje vumbi tupu. Niamini.

"Wewe!" nikamfokea. "Mimi nimekaa matanga, kumbe uko Rongo?"

"Mama Achieng, siko Rongo. Niko kwenye matete nyuma ya kisiwa, penye mwamba mweupe. Hakuna aliyekuja."

"Ndugu zako walikutafuta siku tatu!"

"Walikuwa mjini Mbita, wanakunywa pombe."

Nikamshika mkono nimvute twende nyumbani. Yawa! Ulikuwa moto kama shaba iliyotoka tanuruni. Nikapiga yowe, nikafumba macho. Kufumbua, stuli ni tupu, imelowa chapachapa.

Kesho yake nilienda na majirani kwenye huo mwamba. Tukamkuta. Mifupa ndani ya koti.

Siku ya kumzika, wale mashemeji walikuja na nyuso za huzuni. "Shemeji, ziwa lilikuwa baya sana." Niliwafukuza na mwiko wa ugali mbele ya pasta, na mpaka leo hawakanyagi kwangu. Kiganja changu kina kovu, vidole viwili havikunjiki. Wanaambia watu nimerogwa. Waseme.

Wewe unayenisikiliza, mtu wako akipotea ziwani, usikae nyumbani ukingoja kuletewa habari. Panda mashua mwenyewe.