Nailoni ya Chungwa na Kiti cha Baba

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye studio pale Bariadi, tulikuwepo wanne: Mzee Hamadi mwenye studio; mkewe Mama Rehema, aliyewapaka wateja poda; mimi Masanja, niliyeacha shule wazazi wetu walipofariki; na mdogo wangu Minza, ambaye sikuwa na wa kumwachia.

"Mwangaluka," Mzee Hamadi alinisalimia kwa Kisukuma chake cha dukani. "Na huyo mdogo naye nimwajiri?"

"Huyo nimekuja naye tu, mzee."

"Basi akae. Asiguse taa."

Alinifundisha kwanza kuona rangi ya mwanga. Flashi, ile taa inayomulika juu ya kamera, ni nyeupe kama jua la mchana. Balbu ni ya njano. Ukizichanganya hivi hivi, uso unatoka mweupe na ukuta wa nyuma kama umepakwa bizari. Kamera za dijitali zilipofika, tulifunika flashi kwa nailoni angavu ya rangi ya chungwa ili ifanane na balbu, kisha tukaiseti kamera kwa mwanga wa balbu. Hapo ngozi inarudi kuwa ngozi. Penye taa za tyubu, nailoni ni ya kijani, na kamera unaiseti upya.

Nilipiga harusi hadi Mwandoya na Migato. Kisha ikafika sendofu ya Minza mwenyewe, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi.

"Kamera nipe mimi," alisema Mzee Hamadi. "Wewe ndiye baba yake. Kakae."

"Mzee, ukumbi ule mbele balbu, nyuma tyubu. Nailoni zitakushinda. Sitaki mtoto wangu atoke na rangi ya mtu mwingine."

"Zitanishinda, eeh? Haya, bwana rangi."

Ukafika wakati wa bibi harusi kuwalisha wazazi keki. Mshereheshaji akaita, "Baba yuko wapi?"

"Nipo huku!" nilijibu nyuma ya kamera, nikibadilisha nailoni.

"Jamani, baba gani huyu anafunga flashi kilemba?"

Ukumbi ukacheka. Minza hakucheka. Alisimama mbele ya kiti changu cha baba, kitupu, keki mkononi, akinitazama.

"Kaka, njoo."

"Subiri, usisogee. Mwanga umekaa vizuri."

Nikapiga. Wakati nasogea, muziki ulikuwa umefunguliwa na akina mama wameshamzunguka.

Kesho yake Mzee Hamadi aliitazama picha ile.

"Rangi umeziweza, Masanja. Hii ni ngozi ya Minza kabisa. Sasa keki anamlisha nani?"

Mzee Hamadi ameshafariki, nami nimestaafu. Mtoto wa jicho amenifanya nione kila taa ni ya njano. Vijana mnaoanza kazi hii, funikeni flashi zenu vizuri. Lakini siku ya watu wenu wenyewe, mpeni mwingine kamera, hata kama nyuso zitatoka kama zimepakwa bizari.

Minza anaishi Kimali. Picha ile iko ukutani kwake, na wageni humuuliza kiti kile kilikuwa cha nani. Juzi alinipigia simu.

"Kaka, ukija safari hii acha kamera. Mwanangu atapiga na simu yake. Wewe ukae."

Nilimwambia nitakuja. Keki yake bado sijaila.