Buibui Nililolifuata

Sijui siku hizi wasichana huchaguaje kazi. Enzi zetu tulichaguliwa, na mwenye bahati ni yule aliyeambiwa mapema akapata muda wa kuzoea. Basi mwaka wangu wa mwisho shuleni, vita vimekwisha lakini sukari ingali ya kupimiwa, mwalimu wetu mkuu alizua jambo geni. Alikuwa Mzungu mwenye miguu mirefu na subira fupi. Aliwaita wanafunzi wake wa zamani, wale waliokuwa na kazi, akawaandalia chai na mahamri darasani, kisha akawaomba kila mmoja achukue msichana wa darasa letu amfuate kazini wiki nzima. Msichana asifanye kitu, aone tu.

Wenyewe walikuwa wachache, meza moja iliwatosha. Kulikuwa na aliyefundisha watoto wadogo hapo hapo shuleni. Kulikuwa na fundi wa nguo za maarusi, na karibu darasa zima lilimtaka huyo kwa sababu nyumbani kwake vitumbua havikosi. Na kulikuwa na mkunga, wa kwanza katika mitaa yetu ya Mji wa Kale kwenda kufunzwa kwenye hospitali ya wazazi. Huyo hakutakwa na mtu. Nilimtaka mimi.

Ningependa kusema niliwaonea huruma akina mama. Ukweli ni kwamba nilipenda jinsi watu walivyompisha njia. Vichochoro vyetu ni vyembamba, wawili wakikutana mmoja lazima ajibane ukutani, na sikupata kumwona mkunga yule akijibana. Hata wachukuzi wenye magunia walisimama kando akapita. Nikasema moyoni, kazi hii ndiyo yangu.

Hospitali ilikuwa tayari kumchukua msichana mmoja kutoka shuleni kwetu mwaka unaofuata, na mwalimu mkuu alinidokezea kwamba mkunga akiniridhia, nafasi ni yangu. Kikwazo kilikuwa baba. Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu, duka lake chini, sisi tukikaa ghorofani, na mbele ya duka palikuwa na baraza ambapo kila alasiri wanaume wa mtaa waliketi kumwangalia akidarizi na kuuendesha ulimwengu kwa maneno. Hakunikatalia, wala hakunikubalia. Alisema msichana anayeingia na kutoka nyumba za watu haishi kusemwa. Alisema nisome tu, lakini siku atakapotokea mtu wa maana kuniposa, vitabu vitafungwa siku hiyo hiyo. Kwa hivyo nilikuwa nashindana mbio na mwanamume nisiyemjua.

Mkunga alinipa maagizo kabla ya siku ya kwanza. Nimngoje baada ya sala ya alasiri nyuma ya msikiti ulio karibu na kwao. Akipita nimfuate, nisimwite wala nisimsemeshe njiani. Mkunga akionekana na msaidizi wake wakinong'onezana, wanawake madirishani wataanza kuhesabu mke wa nani miezi yake imetimia, na mambo ya uzazi kwetu hayatangazwi kabla, watu huogopa kijicho. "Nikiingia nyumba, ingia," aliniambia. "Utawakuta wanawake wameketi, wanazungumza kama hapana jambo. Usiduwae. Amkia, nyamaza, osha mikono mpaka viwikoni, ungoje."

Nikangoja nyuma ya msikiti, na sabuni yangu mwenyewe nimeifunga kwenye leso. Sasa, anayetaka kunicheka na asimame kwanza kwenye kichochoro cha Mji wa Kale saa ya alasiri, wanawake wakiwa njiani kwenda kutazamana hali, kila mmoja kajifunika buibui jeusi toka utosini hadi vifundoni na uso hauonekani. Nilikuwa na alama mbili za kumjulia mkunga wangu. Alikwenda mbio, na ubavu wake wa kushoto ulivimba kwa mkoba uliofichwa ndani ya buibui. Akapita mwenda mbio mwenye uvimbe ubavuni. Nikamfuata.

Tulizunguka mpaka karibu na Ngomeni, ambako zama hizo walifungwa wafungwa, tukarudi kwa njia nyingine, tukaingia nyumba moja kubwa yenye mlango wa nakshi. Ndani niliwakuta wanawake wameketi, wanazungumza kama hapana jambo. Mambo yalikuwa kama nilivyoambiwa, moyo ukanitulia. Niliyemfuata alipofunua uso, hakuwa mkunga wangu. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, ana kipini cha dhahabu puani. Nilishtuka kidogo, kisha nikajieleza kwamba huyu bila shaka ni mkunga mkubwa, na wangu yuaja nyuma.

Basi nikafanya kazi. Niliamkia kila mtu kwa zamu na kubusu mikono ya wazee. Nikaomba maji, nikatoa sabuni yangu, nikaosha mikono mpaka viwikoni, taratibu, katikati ya vidole na chini ya kucha. Wanawake wakanyamaza wakinitazama. Nikamsogelea mama mwenye nyumba nikamuuliza polepole kama kuna maji ya moto jikoni. Akanijibu kwa bashasha kwamba yapo, na kahawa i karibu. Nilimstahi mama yule. Mkwewe, nikadhani, yuko juu anaumwa na uchungu, naye ana moyo wa kufikiria kahawa. Niliyemstahi zaidi ni yule wa juu, maana hata kuguna hakuguna. Kwa kuwa mkunga wangu alikuwa hajafika, na kuketi bure kulinitia wasiwasi, nilikwenda jikoni nikachukua sinia, nikawazungushia wageni kahawa bila kumwaga tone. Wenyeji waliniona nimekuja na mgeni wao. Mgeni naye aliniona binti wa nyumba. Kila upande ulikuwa ukiusifu mwingine kimoyomoyo kwa malezi.

Kisha yule mama wa kipini akafungua mkoba. Nikanyoosha shingo nione vyombo vya kuzalishia. Akatoa halua na chupa ya mafuta ya waridi. Akaanza kumsifu mtoto wao, jinsi asivyovuta sigara, jinsi alivyopata kazi ya ukarani forodhani. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtoto anayezungumzwa humu ndani ana ndevu. Ngazi ikalia, na yule niliyekuwa nikimwombea dua akateremka mwenyewe, mwembamba, kavaa rinda la hariri, kainamisha uso. Hakuwa na uchungu wowote. Alikuwa ameletwa atazamwe.

Msomaji ataniuliza kwa nini sikuondoka. Ningeondoka vipi? Nimeingia nyumba ya watu bila mwaliko, nimetumia maji yao, nimegawa kahawa yao kwa mikono niliyoisugua mbele yao kama mtu aliyefanya jinai. Niliketi kitako pembeni, nimeinamisha kichwa, nasikia joto mpaka masikioni. Nao wakaongeza na hilo katika hesabu yao, wakasema kimya kimya kwamba nina haya.

Mama wa kipini alipoaga, nami niliaga. Njiani akageuka na kuniuliza kwa nini natoka, si kwetu pale? Nikatikisa kichwa. Kumdanganya mtu mzima sikuweza, na ukweli sikuwa na kinywa cha kuusema. Akanishika kidevu. "U mwana wa nani, mwanangu?" Nikamtajia baba, na mtaa, na duka. Akacheka cheko la mtu aliyeokota kitu njiani, akaenda zake.

Mkunga wangu nilimkuta amekaa kitandani kwao, viatu vimewekwa kando, amekwisha kuzalisha na kurudi. Nilipomsimulia, aliinama akacheka mpaka akajifunika uso kwa mto. Lakini kesho yake alinichukua tena, na safari hii alifunga utepe mwekundu kwenye mpini wa mkoba, akautoa nje ya buibui kidogo kwa ajili yangu.

Asubuhi moja ya wiki hiyo niliona mtoto akizaliwa. Nilikuwa nimeambiwa nione tu, lakini mama aliyekuwa akijifungua alinikamata mkono akakataa kuuachia, kwa hivyo nilikuwa ndani ya jambo lenyewe nitake nisitake. Damu ilinirukia shavuni. Nikajipangusa kwa bega, nikaendelea kumshika. Kichanga kilipotoka kilikuwa cha rangi ya zambarau na kimenyamaza, na katika kile kimya sikuwa na wazo lolote la watu kunipisha njia. Kisha kikalia. Mkunga akaniwekea mikononi, chenye utelezi na hasira, na mimi nikalia pamoja nacho bila haya. Tangu saa hiyo nilitaka kazi ile kwa kweli, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kuikosa.

Wiki haikwisha, posa ikaja.

Ililetwa na shangazi wa yule karani, yaani mama wa kipini mwenyewe, aliyekuja kwetu kutoka upande wa Mwembe Tayari na mkoba ule ule. Alimwambia mama yangu kwamba ametembea nyumba nyingi hajaona msichana mkimya, msafi na mwepesi wa kazi kama mimi. Mama hakujua aliniona wapi, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikitamani ardhi ipasuke. Jioni baba aliarifiwa. Akauliza ukoo, akauliza dini, akauliza kazi. Majibu yote yalikuwa mazuri, jambo lililonikera mno. Akasema watu wa maana wamekuja, na atawajibu siku ya Ijumaa.

Nilikimbia kwa mkunga nikamlilia. Safari hii hakucheka. Aliniuliza mara mbili kama naitaka kazi hii au naikimbia ndoa tu, akasema yeye hatamsaidia mkimbizi. Nikamwambia juu ya kile kichanga, na kile kimya. Akasema, "Haya. Niachie mimi."

Alichokifanya nilikuja kukijua baadaye. Dada wa yule karani alikuwa amezalishwa naye, basi akaenda Mwembe Tayari kumtazama mtoto, akakaribishwa, akaketi na shangazi wakala halua. Hapo akaanza kunisifu. Akawapongeza kwa kupata msichana asiye na kinyaa. Akawaeleza jinsi damu ilivyonirukia usoni nikaipangusa kwa bega kama jasho. Akasema siku za mbele nitakuwa nikiitwa saa yoyote, mvua inyeshe isinyeshe, kutoka hapa mpaka Makupa, na mume wangu apewe pole mapema kwa chakula cha baridi. Akasema mikono yangu imekwisha kuzoea, na kwamba siku ile waliponiona nikiosha mpaka viwikoni nilikuwa ninajiandaa kuingia kazini. Shangazi, nasikia, aliliweka chini pande la halua.

"Sikusema hata neno moja la urongo," mkunga aliniapia. "Nilikusifu tu, mdogo wangu."

Alhamisi, alasiri, wanaume wamejaa barazani, akaja mzee mmoja mjumbe wa upande wa bwana. Mimi na mama tulikuwa juu, macho na masikio kwenye mbao za dirisha. Mzee alianza kwa salamu ndefu na dua, baba akimwitikia huku anadarizi. Kisha akafika kwenye shabaha. Wao wangali wakinitaka, alisema, ila kwa sharti. Niachishwe shule leo, nisikanyage hospitali kamwe, na baba atoe ahadi mbele ya waliopo, kwani watu wa heshima hawaoi msichana anayeingia na kutoka nyumba za watu.

Maneno hayo yalikuwa ya baba mwenyewe, kasoro sauti. Mama akanishika mkono. Nilijua yamekwisha, kwa sababu mtu hujibu nini akiletewa maneno yake mwenyewe? Sindano ilisimama. Wale wazungumzaji wakubwa wa baraza wakageuka wote kumtazama.

"Mwambie aliyekutuma," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya kupanda polepole, "mwanangu haingii nyumba za watu kuzurura. Yuaenda kuzalisha. Mwaka ujao ataingia hospitali, afunzwe, na siku moja watu wako watakuja hapa kubisha mlango usiku, na mimi nitamwamsha aende. Sharti lenu rudini nalo."

Mzee akaaga. Watu wa baraza, ambao hawakupata kusikia habari ya hospitali kabla ya alasiri ile, walianza kumpongeza baba mmoja mmoja. Mwingine akasema alijua siku nyingi kwamba fundi ni mtu wa kuona mbele. Baba aliwashukuru. Kisha akakunja kanzu aliyokuwa akiishona, akapanda ngazi, nasi tukarukia mkekani tukajifanya tunachambua mchele.

Aliketi mbele yangu. Nilidhani nitamwona ana fahari, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyepanda jahazi kumsindikiza mgeni akakuta limeng'oa nanga naye yumo. Mama akampa maji, akanywa yote. Nilimpenda wakati ule kuliko wakati mwingine wowote, na nilitaka kumwambia, ila kwetu maneno hayo hayasemwi kwa baba.

"Umeniponza, mwanangu," akasema. "Nimeshawaambia watu. Sasa usipokuwa mkunga, mimi nitakwenda kuketi baraza gani?"